Mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mashamba ya vijijini Tanzania Bara yasiyo na bikoni (alama za zege anazoweka mpima), ambayo mpaka wake ni mstari wa masale (mimea inayopandwa kuonyesha mpaka), katani au kumbukumbu za wazee. Ni maswali ninayoulizwa na wanakijiji katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria, na mengi huja mvua za kwanza zinapoanza na kila mtu yuko shambani na jembe. Wa Zanzibar na Kenya waende moja kwa moja swali la 19.

## Mambo ya kuanzia

1. Jirani ameingia shambani kwangu hatua mbili. Nianzie wapi?

Kwanza usiguse kitu. Usilime kurudisha, usifyeke mahindi yake, usipande mche wowote usiku. Ukifanya hivyo, kesho yake mshtakiwa ni wewe, na kijiji kizima kitazungumzia mahindi yaliyofyekwa badala ya mpaka ulioliwa.

Siku hiyohiyo nenda shambani na mtu mzima asiye wa nyumbani kwako. Simameni kwenye kona ambayo haina ubishi, tazameni mstari hadi kona ya pili, mwone umepindia wapi. Pimeni kwa futi au kamba, maana hatua za mtu mrefu si za mfupi. Piga picha ambazo ndani yake kuna kitu kisichohama: nyumba, mwembe, jiwe kubwa. Kisha andika kwenye daftari tarehe, nani alikuwepo na mliona nini.

Halafu mwendee jirani mwenyewe kabla ya kumwendea mwenyekiti wa kitongoji. Nenda mchana, mwombe mtembee mpaka pamoja. Mara nyingi aliyelima si yeye. Ni dereva wa trekta au kibarua aliyefika juzi na hakuonyeshwa mwisho wa shamba. Ukianzia kwa mwenyekiti, kosa la kibarua linageuka suala la heshima ya mwenye shamba, na likishafika hapo ni kazi kulishusha.

2. Ni hatua mbili tu. Si bora niache yaishe?

Vijijini ekari moja huhesabiwa hatua 70 kwa 70, yaani hatua za mraba 4,900. Hatua mbili kwenye upande mmoja ni 140 kati ya hizo, mistari miwili ya mahindi. Ni kweli si nyingi. Lakini anayekula mpaka huwa hali mara moja. Akienda hivyo misimu mitatu, amechukua hatua za mraba 420, karibu sehemu ya kumi na mbili ya ekari, na mpaka mpya tayari una nyasi na unaonekana wa zamani.

Kwa hiyo waweza kumsamehe mavuno ya msimu huu, hilo ni lako. Usimsamehe mpaka. Mwambie mbele ya mashahidi kwamba avune alichopanda, ila msimu ujao mstari unarudi ulipokuwa, na muandike.

3. Sina karatasi yoyote. Sheria inanitambua?

Inakutambua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali. Huhitaji karatasi ili uwe mmiliki, ingawa karatasi hurahisisha kuthibitisha (swali la 8).

Alama za kimila nazo zina uzito. Kilimanjaro mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ni isale (umoja wa masale). Kagera ni mlamula, na jina lenyewe linatoka kwenye neno la kuamua shauri. Usukumani utakuta katani na minyaa, kusini safu ya mikorosho. Mmea wa mpaka haujioti wenyewe kwenye mstari ulionyooka, na kila mwanakijiji anajua hivyo.

4. Nani hasa anajua mpaka wangu ulipo?

Watu wa kwanza ni majirani wa pande nyingine. Jirani wa upande wa pili hana anachopata wala anachopoteza, kwa hiyo neno lake ni zito. Wa pili ni aliyewauzia au kuwagawia. Wa tatu ni viongozi wa zamani wa kitongoji, hasa waliosimamia mauziano. Wa nne ni waliowahi kulima hapo kwa kukodi. Hawa husahaulika, wakati wao walipita na jembe hadi kwenye mstari wenyewe.

Ninaomba hili lichukuliwe kwa uzito: wazee wanaojua mipaka wanaondoka, na kila msiba kijijini unazika ushahidi. Usisubiri ugomvi. Mwombe mzee atembee mpaka nawe angali ana nguvu, na mfuatane na vijana wawili au watatu wa pande zote mbili. Aseme mwenyewe "hapa, na hapa", vijana waone na wasikie. Mkirudi, andikeni maelezo yake, asaini au aweke dole gumba mbele yao. Kumrekodi kwa simu ni nyongeza nzuri, lakini vijana walio hai watakaosimama barazani na kuhojiwa ndio watakaokusaidia zaidi.

## Ushahidi

5. Aling'oa masale yote na kulima juu yake. Nitathibitisha nini tena?

Ardhi haisahau haraka hivyo. Niliwahi kufuatana na wazee kwenye shamba lililokuwa limelimwa kwa trekta hadi likawa jeupe kabisa, upande mmoja ukidai palikuwa na safu ya katani na mwingine ukiapa kwamba haijawahi kuwepo. Mzee mmoja alichukua jembe, akaanzia kwenye kona, akawa anakwangua juu juu kila baada ya hatua mbili. Mara ya tatu jembe liligonga kisiki cha katani, cheupe ndani, kikiwa na vichipukizi viwili pembeni. Mbele kidogo kikatoka kingine. Kufika cha tano hakukuwa na mtu anayebishana. Jirani aliinama akaking'oa cha sita kwa mkono wake.

Nawe tafuta visiki na mizizi iliyobaki. Tafuta pia ukingo ambao haukuwahi kulimwa, kwani udongo wake huwa mgumu. Kwenye miteremko angalia makinga maji: mara nyingi mashamba mawili hayakuchimbwa kwa pamoja, na matuta yao hayalingani yakikutana. Yote haya yafanyike mbele ya watu, si peke yako, la sivyo utaambiwa umevizika mwenyewe.

Kung'oa alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Hata hivyo soma kwanza swali la 12 kabla ya kukimbilia polisi.

6. Simu yangu ina ramani na inaonyesha nilipo. Inatosha kuonyesha mpaka?

Haitoshi. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa hata kwenye uwazi, na chini ya migomba au miti mirefu hukosea zaidi. Ugomvi wenu ni wa mita mbili. Itumie kuonyesha shamba liko wapi na lina umbo gani, si kuamua mstari.

7. Mkataba wangu wa mauziano unasema ekari tatu, nikipima napata mbili na nusu. Jirani ameniibia nusu ekari?

Usikimbilie kusema hivyo. Mashamba mengi yaliuzwa kwa macho: muuzaji alisema "ekari tatu hivi", mtendaji akaandika tatu. Wengine walipima kwa hatua wakipanda na kushuka kilima. Swali la msingi ni siku ya mauziano mlionyeshwa kona zipi na majirani gani waliitwa. Kama kona bado ziko vilevile, jirani hajakugusa, na kama una dai ni dhidi ya aliyekuuzia. Kama kona moja imehama, hapo rudi swali la 4 na la 5.

8. Nina hati ya hakimiliki ya kimila. Si kesi imeisha?

Uko mahali pazuri, lakini kesi haijaisha yenyewe. Kabla hati haijatolewa, kamati ya kijiji hupita kwenye mpaka na majirani huthibitisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta kama jirani yako, au baba yake, alisaini. Akiwa alisaini, atakuwa na kazi kubwa kueleza kwa nini leo anakana. Akiwa hakuitwa kabisa, anayo hoja ya kusikilizwa. Kumbukumbu za hati hizi hutunzwa masjala ya ardhi ya kijiji na wilayani, kwa hiyo hata nakala yako ikiungua huna sababu ya kukata tamaa.

Kama eneo lenu lilipimwa na lina bikoni, usigombane kuhusu masale. Omba halmashauri ya wilaya ilete mpima kufufua mipaka. Atarudisha bikoni kwa kufuata ramani ya upimaji.

## Kupeleka shauri mbele

9. Mazungumzo yameshindikana. Naenda wapi?

Kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, waliopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kazi yake ni kusuluhisha. Haliwezi kumlazimisha mtu, na hakuna anayelazimishwa kulitumia, lakini linakaa shambani kwenu na wajumbe wake wanawajua nyote wawili. Migogoro mingi niliyoona ikiisha vizuri iliishia hapa.

Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji na mkutano mkuu si mahakama. Wakikuandikia barua kwamba "mpaka ni huu", barua hiyo ni ushahidi wa walichokiona, si hukumu.

10. Je, ni lazima nipite Baraza la Kata?

Ndiyo, ukitaka kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zamani Baraza la Kata liliamua kesi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu. Likishindwa, linakupa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila cheti hicho Baraza la Wilaya halipokei shauri lako. Zikipita siku 30 tangu ulipofungua shauri bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani bila cheti.

Kwa sababu ya siku hizo 30, hakikisha una karatasi yenye mhuri inayoonyesha tarehe uliyofungua shauri. Nimeona watu wakizungushwa miezi kwa kukosa karatasi hiyo moja. Na mtu akikuonyesha "hukumu" ya Baraza la Kata ya baada ya marekebisho hayo, ujue baraza lilivuka mamlaka yake.

11. Baraza la Wilaya likoje, na watu wengi hukosea wapi?

Hili ndilo linaloamua. Linasikiliza mashauri ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, kwa hiyo karibu mashamba yote ya kijijini yanaingia. Usiporidhika na uamuzi, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku hizo hupita upesi kuliko mtu anavyodhani.

Kosa kubwa ni kutolieleza shamba. Mtu anaandika "shamba langu lililopo kijiji fulani", basi. Ardhi isiyopimwa inatambulikaje kwa maneno hayo? Andika kitongoji, kijiji, kata, ukubwa, na majirani wa pande zote nne kwa majina: mashariki nani, magharibi nani, kaskazini barabara gani, kusini korongo gani. Kisha eleza kipande chenyewe kinachogombaniwa: kina urefu gani, upana gani, kiko upande upi. Usidai shamba zima kama ugomvi ni wa mita tatu.

Omba pia baraza litembelee eneo. Mpaka unaosimuliwa ofisini na mpaka unaoonekana kwa macho ni vitu viwili tofauti. Siku hiyo mashahidi wako wawepo shambani mapema, na kila mmoja aonyeshe anachokijua yeye, si ulichomfundisha.

Barazani wilayani unaweza kuweka wakili. Kwenye Baraza la Kata mawakili hawaruhusiwi. Kama huna uwezo, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure.

12. Polisi wanasema hii ni kesi ya madai. Wananikwepa?

Mara nyingi wako sahihi. Kama kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba kipande ni chake, kumfungulia mwenzako jinai ya kuingia shambani hakutafika mbali, maana mahakama itauliza kwanza nani mwenye ardhi. Polisi waendee pale penye kutishiana mapanga, kupigana, kukata mazao, kuchoma nyumba au kung'oa alama. Hapo usingoje.

## Mkielewana

13. Tumekubaliana. Tuandike nini?

Andikeni maneno ambayo mtu asiyewajua, miaka 20 ijayo, anaweza kuyasoma akatembea mpaka bila kuuliza. Kwa mfano:

"Mpaka unaanzia kwenye mwembe ulio kando ya njia ya kwenda kisimani, unanyooka hadi kwenye jiwe kubwa lililo juu ya korongo, urefu wa mita 64. Upande wa mawio ya jua ni shamba la fulani, upande wa machweo ni shamba la fulani. Leo tumepanda masale 30 kwenye mstari huo kwa pamoja."

Wasaini nyinyi wawili, wenza wenu, watoto wakubwa, majirani wa kona, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji kwa mhuri. Kila upande ubaki na nakala na ofisi ya kijiji ibaki na moja. Wenza na watoto ni muhimu kuliko mhuri, kwa sababu mkifa ndio watakaogombana.

Mkipanda, mmoja apande mche huu, mwenzake unaofuata. Asiwepo wa kusema baadaye kwamba masale ni ya upande mmoja.

## Mambo yenye utata

14. Amelima kipande hicho miaka mingi. Kimeshakuwa chake?

Sheria ya ukomo inakupa miaka 12 kudai ardhi, kuanzia siku uliyonyang'anywa. Ikipita, baraza linaweza kulitupa dai lako bila hata kuchunguza kama una haki. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutosema "acha yaishe".

Lakini mwalikwa ni habari tofauti. Kama baba yako alimkaribisha alime kwa muda, au alimkodisha, hata akikaa miaka 40 hawi mmiliki kwa kukaa tu. Kazi yako itakuwa kuthibitisha kwamba alikaribishwa, na hapo unarudi kwa wazee wa swali la 4.

15. Shamba ni la marehemu baba. Naweza kushtaki?

Si kwa jina lako tu, kama halijagawiwa. Familia ikae kikao, impendekeze mtu, ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye anayeshtaki. Kesi nyingi zimefutwa baada ya miaka ya kuhangaika kwa sababu mtoto alifungua bila barua ya usimamizi. Inauma sana kuona mtu mwenye haki akianza upya.

16. Mume wangu amefariki na jirani ameanza kusogea. Shemeji wanasema mwanamke hagombanii mpaka.

Shemeji wamekosea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kama ni shamba lenu wewe na marehemu, wewe ndiye shahidi wa kwanza wa mpaka huo: ni wewe uliyepalilia hadi kwenye mstari. Nenda barazani na daftari lako (swali la 1), na ulizia usimamizi wa mirathi (swali la 15) upesi. Wanaosogeza mpaka wanajua kwamba ndani ya miezi ya msiba mjane haulizi mambo ya shamba.

17. Mpaka wetu ni mto, na mto umehama. Au mti umesimama katikati. Inakuwaje?

Mto ukihama, tafuteni njia yake ya zamani: mchanga, kokoto, miti ya kando ya maji. Msisahau kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo pengine mnagombania mahali ambapo hakuna kati yenu anayepaswa kujenga wala kulima.

Mti wa mpaka ni wa wote wawili. Asiukate mmoja bila mwenzake. Pwani kuna la ziada, kwani kwa desturi mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Ukinunua shamba la huko, uliza minazi ni ya nani kabla hujalipa.

18. Anajenga kwenye mpaka wakati shauri linaendelea. Na kama aliyeingia ni shule ya kijiji?

Anayejenga, omba Baraza la Wilaya litoe zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha hadi shauri liamuliwe. Piga picha za ujenzi kwa tarehe. Zuio huombwa pamoja na shauri lililofunguliwa, si peke yake.

Kama unayemdai ni halmashauri ya kijiji au taasisi ya serikali, njia hubadilika: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Hapo tafuta wakili mapema. Kwanza, hata hivyo, omba kikao na kamati ya shule na halmashauri ya kijiji, kwa sababu mara nyingi aliyepanga uwanja wa mpira hakujua shamba linaishia wapi.

19. Niko Zanzibar, au Kenya. Haya yananihusu?

Ya ushahidi, kutembea mpaka na kuandikiana yanakuhusu. Ngazi za mabaraza, hapana. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake na Mahakama ya Ardhi.

Kenya, kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka mgogoro wa mpaka uanzie kwa Msajili wa Ardhi, na mahakama haisikilizi kabla yeye hajaamua mpaka ulipo. Andikia ofisi ya usajili ya kaunti yako. Msajili hufika shambani pamoja na mpima baada ya kuwapa majirani wote notisi, na siku hiyo uwe na nakala ya ramani ya eneo na wazee wako kando yako.